Filta ya oili ya pikapu inavuja? Safisha kwanza, kukaza kutafuata

Asubuhi nyingi hapa gereji Tabata huanza hivi. Pikapu inaingia, dereva anashuka na kuonyesha doa jeusi lililobaki mahali alipolaza gari. "Fundi, filta hiyo. Nikazie tu niwahi Kariakoo." Namjibu, "Shikamoo mzee. Nipe nusu saa nisafishe kwanza." Wengi hawapendi jibu hilo, na ninawaelewa, mzigo unasubiri. Lakini filta ikikazwa kwa kubahatisha, tatizo huongezeka: mpira wa filta unaozuia oili unakandamizika kupita kiasi, kopo linapinda, na oili iliyokuwa inatoka kwingine inaendelea kutoka.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenye pikapu anayejishughulikia mwenyewe, dereva anayetaka kujua fundi wake anafanya nini, na vijana wanaojifunza kazi. Nazungumzia zaidi pikapu za dizeli zenye filta ya kopo, ile ya kuzungusha kwa mkono. Pikapu nyingine, kama Ford Ranger za 2.2 na 3.2, zina filta ya karatasi ndani ya nyumba yenye kifuniko cha plastiki. Hizo nitazigusia mbele.

Hatua ya 1: Pima oili kabla ya kuwasha

Egesha mahali tambarare na uache injini izime kwa dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe. Ongeza kwanza, ya aina ileile.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, zima injini hapohapo ukishaegesha pembeni. Usiseme utafika kituo kile cha mafuta pale mbele. Injini ya dizeli ya 2KD ya Hilux inachukua karibu lita 7, na mpira wa filta ukichomoka oili hiyo yote inaweza kumwagika ndani ya muda mfupi sana, kwa sababu inasukumwa na pampu. Ikikosa oili, beringi zinasagika, injini inanoki, na hapo hatuzungumzii tena bei ya filta.

Hatua ya 2: Safisha, kisha weka unga

Hapa ndipo kazi ilipo. Oili haikai ilipotokea. Inateremka kwenye bloku, inafuata ukingo wa sampu (beseni la oili chini ya injini), na gari likitembea upepo unaipeleka nyuma mpaka kwenye gia boksi. Doa la chini linakuambia oili inapodondokea tu.

Injini ikiwa imepoa, mimina dizeli kidogo kwenye brashi na usugue filta, sehemu inapokaa, na kila kitu kilicho juu yake mpaka chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Kausha kwa tambara, kisha kwa upepo kama una kompresa. Usielekeze maji ya presha kwenye soketi za umeme wala altaneta. Sehemu ikishakauka kabisa, ipulizie poda ya mtoto au unga wa ngano, utando mwembamba tu. Tandaza kadibodi chini, weka alama ya tairi la mbele ili ujue kadibodi ilikaa upande gani.

Sasa washa. Acha injini kwenye sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, dakika mbili tatu, mulika kwa tochi. Kisha mtu akupigie resi taratibu mpaka mizunguko kama 2,000 na aishikilie nusu dakika. Kaa pembeni, siyo chini ya gari, na nguo isiwe karibu na feni. Oili mpya itachora mstari mweusi kwenye ule unga mweupe. Ufuate mstari kwenda juu mpaka unapoanzia. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Usipoona kitu, endesha kilomita kumi hivi urudi kuangalia. Kuna uvujaji unaotoka injini ikishapata moto, na kuna ule wa alfajiri tu, oili ikiwa nzito na presha ikiwa juu wakati wa kuwasha. Kwa huo wa pili, laza gari na kadibodi, ukague asubuhi kwa kuwasha ukiwa na tochi mkononi.

Hatua ya 3: Jua unachokiona

Mstari ukianzia juu ya filta, filta haina kosa. Mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, au swichi ya presha ya oili ambayo huvujia katikati, kwenye plastiki inakoingia waya. Chomoa soketi yake: ukikuta oili ndani, swichi imekufa. Mahali filta inapokutana na kipozea oili pia pana gasketi yake, na ikichoka inavuja sentimita chache tu kutoka kwenye mpira wa filta. Hiyo imewadanganya mafundi wengi, na mimi nikiwemo. Ukiona pia oili ikielea ndani ya rejeta, mshuku sana huyo kipozea.

Angalia rangi na harufu. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tititi. Nyekundu ni ya steringi au gia ya otomatiki. Nyepesi yenye harufu kali ni dizeli yenyewe, na hiyo ishughulikie mara moja kwa sababu ya moto. Oili inayodondokea kwenye ekzosi nayo ina hatari hiyohiyo. Ukisikia harufu ya kuungua ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, usipuuze.

Mstari ukianzia kwenye duara ambapo filta inagusa injini, ni mpira, uso wa kukalia au nyuzi za kuzungushia. Ukianzia kwenye mkunjo wa bati, au kwenye tundu la kutu, kopo lenyewe limekwisha. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni na Kunduchi, huletwa na makopo yaliyoliwa na chumvi. Na kama kopo limevimba kama mkebe wa chakula ulioharibika, usibadilishe filta ukaishia hapo. Vali ya kupunguza presha imekwama, na filta mpya itavimba vilevile.

Kuna uvujaji mmoja wa uongo. Siku moja au mbili baada ya kumwaga oili, matone huonekana kwa sababu fundi hakufuta oili iliyomwagika alipofungua filta ya zamani. Ndiyo maana nasafisha kabla na baada.

Hatua ya 4: Fungua, na utafute mpira wa zamani

Pasha injini moto kidogo tu, iwe vuguvugu. Ukilazimika kuingia chini, gari likae kwenye stendi za chuma za kulishikilia, breki ya mkono imepandishwa na tairi zimewekewa vigingi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika moja. Weka beseni, legeza filta kwa spana ya mkanda au ya mnyororo. Ile tabia ya kutoboa kopo kwa bisibisi iache iwe ya mwisho kabisa.

Filta ikitoka, igeuze uangalie uso wake. Mpira upo? Usipokuwepo, umebaki umenata kwenye injini. Hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko yote, na nalijua kwa sababu nimewahi kulifanya.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Hilux ya mama mmoja anayechukua samaki Feri alfajiri. Nilifungua filta jioni, mwanga hafifu, nikafunga mpya, nikawasha. Pakavu kabisa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akanipigia simu: "Mwanangu, taa nyekundu imewaka, gari nimelizima, chini ni oili tupu." Mpira wa zamani ulikuwa bado kwenye injini, nami nilifunga mpya juu yake. Mipira miwili inaweza kushika injini ikiwa kwenye sailensa, lakini resi ikipanda na presha kuongezeka, inateleza mmoja juu ya mwingine na kuchomoka. Alizima mara moja, injini ikapona. Nililipa oili na barafu ya samaki wake, na tangu siku hiyo sijawahi kufunga filta bila kupitisha ukucha.

Kupitisha ukucha ni hivi. Futa uso wa injini kwa tambara safi, mulika, kisha zungusha ncha ya ukucha duara zima. Chuma kitupu ni kigumu, baridi, na kinateleza. Mpira ulionata unaonekana kama rangi nyeusi ya chuma, unang'aa kidogo, lakini ukucha unagota kwenye ukingo wake na unazama kidogo ukiubonyeza. Ubandue kwa kitu cha plastiki au mbao. Bisibisi itachora mkwaruzo, na mkwaruzo huo utakuwa njia ya oili. Kijana anayejifunza kwangu haruhusiwi kushika filta mpya kabla hajaniwekea mpira wa zamani mkononi.

Hatua ya 5: Pima filta mpya kwa ile ya zamani

Ziweke pamoja mezani. Linganisha upana wa mpira, urefu wa kopo na tundu la nyuzi. Usiridhike kwa sababu imeingia. Sokoni zipo filta za nyuzi ya inchi 3/4 na za M20 (milimita 20), na kwa macho zinafanana. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo filta ya M20 inapanda kwenye bomba fupi la injini la inchi 3/4, inazunguka, hata inaonekana imekaza, lakini nyuzi zimeshikana kwa ncha tu. Mtikisiko wa barabara unamalizia. Ukiizungusha na kuhisi inachezacheza pembeni kabla ya kufika mwisho, irudishe dukani.

Gerezani na Kariakoo utapata filta halisi na utapata za kuiga kwenye rafu moja. Nikishika filta mpya natazama ndani ya vitundu vidogo: lazima kuwe na mpira laini unaozuia oili kurudi chini gari likilala. Natazama mkunjo wa bati kama uko sawa pande zote, na mpira kama umekaa ndani ya mfereji wake bila kupinda. Chagua duka moja linalokubali kurudishiwa bidhaa, na usinunue filta iliyobonyea hata kidogo.

Angalia pia lile bomba fupi lenye nyuzi kwenye injini. Wakati mwingine hutoka pamoja na filta ya zamani bila fundi kujua, au hubaki likiwa limelegea.

Hatua ya 6: Funga kwa mkono

Paka oili safi kwenye mpira kwa kidole, duara zima. Mpira mkavu unaburuzika na kujikunja wakati wa kukaza. Usipake grisi, na usipake silikoni hata siku moja. Silikoni haishiki kwenye oili, na vipande vyake vikiingia ndani vinaziba njia za oili.

Anza kuzungusha kwa vidole viwili. Ikigoma, usilazimishe, irudishe nyuma uanze upya. Mpira ukigusa injini, chora mstari kwenye kopo kwa kalamu ya alama, kisha kaza robo tatu ya mzunguko. Filta nyingi zina maelekezo yake ubavuni au kwenye boksi. Yakisema tofauti, fuata hayo. Mkono mkavu wa mtu mzima unatosha, spana ni ya kufungulia.

Kwa filta za kifuniko, badilisha oringi (mpira wa duara wa kifuniko) kila mara, na hakikisha imekaa kwenye mfereji wake hasa, siyo kwenye nyuzi. Kifuniko cha plastiki kikikazwa kwa nguvu nyingi kinapasuka kimyakimya na kuanza kuvuja wiki ya pili. Tumia spana ya kupimia nguvu na ufuate namba ya kiwanda.

Hatua ya 7: Washa, kagua, kagua tena

Jaza oili, washa bila kupiga resi. Taa nyekundu izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Rudia jaribio la resi 2,000, mulika, pitisha kidole chini ya mpira. Zima, subiri dakika kumi, pima kijiti na uongeze, kwa sababu filta mpya imekunywa oili yake.

Chora mstari mmoja unaopita kwenye kopo na kwenye injini, na uandike tarehe na kilomita ubavuni. Siku mistari hiyo ikiachana, utajua filta imelegea bila kushika spana. Kama pikapu yako ilikuja na kinga ya chini, irudishe. Nimeona filta iliyotobolewa na jiwe kwa sababu kinga iliachwa gereji.

Endesha safari yako ya kwanza ya maana, tuseme mpaka Kibaha, kisha ufungue boneti ukifika. Pakiwa pakavu hapo, angalia tena asubuhi inayofuata kwenye kadibodi safi, halafu endelea na kawaida ya kupima kijiti kila wiki. Masika, gari likipita kwenye maji ya Jangwani, kagua siku hiyohiyo.

Oili chafu na filta ya zamani usizimwage mtaroni. Mitaro yetu inaingia mto Msimbazi na Msimbazi unaingia baharini. Igeuze filta ichuruzike usiku kucha ndani ya beseni, oili iweke kwenye dumu lenye kifuniko, umpelekee mtu anayekusanya oili chafu.