Kuchagua kambi ya msituni ukiwa na watoto, kwa sisi tunaotokea Tanga mjini

Mie siku hizi kabla sijalipia kambi yoyote najiuliza swali moja tu: saa nane usiku, mvua inapiga, mtoto wa miaka minne anakwambia mama nataka kukojoa, hapo unafanyaje? Ukiwa na jibu, lipia. Huna, endelea kutafuta.

Nimejifunza kwa kuumbuka. Mara ya kwanza tulichagua kwa picha, nyasi za kijani, hema zuri, ukungu kule nyuma, nani angekataa. Kumbe choo kiko chini kwenye mteremko, ngazi zenyewe za udongo, taa hamna, na mvua ilipoanza zile ngazi zikawa sabuni. Baba watoto kambeba mtoto, akateleza, tochi ikaenda zake bondeni mpaka leo. Tukarudi wote na matope, mtoto keshajikojolea njiani.

Kwa hiyo cha kwanza kuuliza kwenye simu ni choo. Kipo mbali kiasi gani na pale hema linapokaa, kina taa, maji yapo ndani au unachota, ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana watoto wa mjini wengine wakiona shimo lenye giza wanagoma kabisa na unaweza kukaa naye siku mbili hajaenda. Hata ukijibiwa vizuri beba poti. Poti haijawahi kumuangusha mtu.

Sasa wapi. Sisi Tanga kwa misitu tumejaaliwa jamani, wenzetu wanatoka Ulaya wanapanda ndege kuja kuona wakati sisi tuko hapo Ngamiani tunalalamika joto. Amani iko wilaya ya Muheza, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na Wajerumani walikuwa na kituo chao cha utafiti pale tangu 1902, ndio maana unakuta miti ya kila nchi imepandwa mpaka midalasini na mikarafuu. Magoroto nayo Muheza hiyo hiyo, ina ziwa dogo katikati ya msitu, kwa familia inayoanza ndio nawapelekaga huko kwanza. Ukitaka baridi nenda Lushoto, kama mita 1,400 juu, lami inapanda kutoka Mombo mpaka mjini, ila Juni mpaka Agosti usiende na shuka, nenda na mablanketi na soksi za watoto.

Ukichagua Amani jua kwamba kuna chini na juu. Sigi ndio getini, mita 400 na kitu, joto kiasi na mbu wapo, chandarua lazima. Amani yenyewe iko mita 900 hivi, kuna ubaridi mtamu, lakini mpaka ufike huko kuna kona na kona, barabara nyembamba, ya vumbi, ikinyesha inateleza. Na mvua Amani haina adabu, inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo usijidanganye kwamba masika imeisha Mei basi Juni pakavu, msitu una kalenda yake. Masika yenyewe, Machi mpaka Mei, mie na watoto siendi.

Kuhusu barabara, usiulize "barabara nzuri?" utajibiwa nzuri tu, mwenye kambi gani atakwambia mbaya. Uliza wiki hii imepita gari gani. Akikwambia Noah zinapita, sawa. Akisema "Land Cruiser ilipita juzi" umeshaelewa, hapo bodaboda itakuhusu.

Haya, wenye magari ya kulala. Shemeji yangu kageuza Haisi, kaweka kitanda, jiko la gesi, sola juu ya paa, na siku hizi nawaona wengine na Land Cruiser zenye hema kwenye keria. Huko Marekani kambi za magari hayo zina nguzo ya umeme kila sehemu ya kuegesha, bomba la maji, na mahali maalum pa kumwaga maji machafu. Kambi ya msituni huku usitegemee hayo, shukuru ukipata soketi moja jikoni. Na hiyo soketi kuwa makini nayo: kama gari lako ni kempa iliyokuja imekamilika kutoka Japani, vifaa vyake vya ndani ni vya volti 100, umeme wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeunguza kila kitu kwa dakika moja, na fundi atakuja kukuuliza kwani hukusoma nyuma ya kifaa.

Sola nayo msituni inachoka, kivuli kile kile ulichokifuata ndicho kinachokunyima chaji. Shemeji siku ya pili betri ikazima, maziwa ya mtoto yakaharibika. Tafuta kambi yenye uwazi kidogo upande wa mashariki, gari likae juani asubuhi nyie mkae kivulini. Pawe tambarare pia, weka chupa ya maji nusu ikiwa imelala kwenye dashibodi uone maji yanakimbilia wapi, kwa sababu zile friji za gesi gari likilala upande nyingi hazipoozi, na kulala kichwa chini miguu juu usiku kucha si kupumzika huko. Pima na urefu wa gari pamoja na hema la juu, andika karatasi ubandike mbele ya dereva, matawi ya njiani hayana huruma na turubai.

Maji machafu ya choo cha gari usimwage mtoni wala kichakani. Mto Sigi unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na hilo ndilo linalotunywesha Tanga mjini, kwa hiyo unayoyafanya kule juu utakuja kuyakuta bombani kwako. Hata kufua kwa sabuni pale mtoni, hapana. Hema nalo lisikae ukingoni, mvua ikipiga milimani mto unajaa huku kwenu kukiwa kukavu.

Ukifika, kabla hujashusha kitu tazama juu. Tawi kavu limening'inia, hama. Chini ya mikaratusi usilale, hata ikiwa mizima inaangusha matawi bila upepo. Halafu tazama chini, ukiona msururu wa siafu usibishane nao, sogea. Na waonyesheni watoto upupu ulivyo, yale maganda yenye manyoya yanayong'aa, wasije wakayachezea mkalia wote.

Malipo ya hifadhi za serikali unapewa namba unalipa kwa simu au benki, kiingilio kivyake, kambi kivyake, gari kivyake, kwa hiyo omba jumla kamili kwa watu wote. Lipia ukiwa bado Muheza, kule ndani mtandao unakuja ukijisikia. Kuni ndani ya hifadhi usijiokotee tu, uliza, mie nabeba mtungi mdogo wa gesi yanaisha. Na saa kumi jioni muwe mmeshafika, msituni giza linaingia mapema kuliko nje, na kile choo unatakiwa ukakione kwa macho yako kukiwa bado kweupe.