Kweri ya mizani ya chai: kutoka kupekua jedwali zima hadi kusoma indeksi tu

Mzee mmoja alisimama dirishani kwetu Tukuyu, koti likichuruzika maji ya mvua, akisubiri taarifa ya kilo zake za chai za mwaka. Karani akanipigia: "Fundi, mashine imeganda tena." Haikuwa imeganda. PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata yetu, ilikuwa inasoma mistari milioni 6 ili impatie mzee mistari 40.

Jedwali letu linaitwa mizani, kila mstari ni upimaji mmoja wa chai, lina safu nne: mkulima_id, kituo_id, tarehe na kilo. Fuatana nami.

Hatua ya 1: Tazama mpango kabla ya kugusa chochote

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT tarehe, kilo FROM mizani
WHERE mkulima_id = 4127
  AND tarehe >= '2024-07-01' AND tarehe < '2025-07-01';
```

Angalia: EXPLAIN inaonyesha mpango, yaani njia ambayo PostgreSQL itatafuta data, na ANALYZE inaiendesha kweri (ombi lako la data) kweli kweli, usije ukaiweka mbele ya DELETE. Kwangu ilitoka Seq Scan, yaani kupekua jedwali zima, na chini yake Rows Removed by Filter yenye tarakimu saba. Hiyo ni mistari iliyosomwa kisha ikatupwa.

Aliyewahi kukaa kituo cha chai ataelewa upesi. Daftari la karani huandikwa kwa siku. Ukitaka kilo za mkulima mmoja, unafunua kurasa zote. Indeksi ni kidaftari cha pili, kimepangwa kwa namba za wakulima, kinakuambia kila mmoja yuko ukurasa upi. Ukurasa wa PostgreSQL ni KB 8 na unabeba zaidi ya mistari 100 mifupi kama yetu, kwa hiyo jedwali lote ni makumi ya maelfu ya kurasa. Mzee wetu alihitaji zisizozidi 40.

Hatua ya 2: Panga safu za indeksi

Hapa niliboronga. Nilianza na (tarehe, mkulima_id), nikaona kasi haijabadilika sana. Ukitanguliza tarehe, kweri inapitia maingizo ya wakulima wote wa mwaka mzima ndani ya kidaftari. Safu inayolinganishwa kwa alama ya sawasawa itangulie, ya masafa (kuanzia hapa hadi pale) ifuate:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY mizani_mkulima_tarehe
ON mizani (mkulima_id, tarehe);
```

Toleo la 18 la PostgreSQL, lililotoka 2025, linaweza kurukaruka ndani ya indeksi kama ile yangu ya kwanza na kupunguza maumivu, ila mpangilio sahihi bado ni rahisi zaidi kwake. CONCURRENTLY usiisahau. Bila hiyo jedwali halipokei maandishi mpaka indeksi ikamilike, na foleni ya watu wenye vikapu itakuuliza wewe. Ikikatika njiani inaacha indeksi batili. Ifute, uanze upya.

Hatua ya 3: Soma aina ya skani uliyopata

Rudia EXPLAIN. Ikitoka Index Scan, injini (PostgreSQL yenyewe) inasoma ingizo moja kwenye kidaftari, inafungua ukurasa wake, inarudi kwenye ingizo linalofuata. Ikitoka Bitmap Index Scan na juu yake Bitmap Heap Scan, imekusanya kwanza orodha ya kurasa zote, ikazipanga, kisha inafungua kila moja mara moja tu. Hiyo hufaa mistari ikiwa mingi kiasi na imetawanyika, na usihangaike kuizuia.

Seq Scan nayo si dhambi. Ripoti ya vituo vyote vya mwaka inasoma sehemu kubwa ya jedwali, kwa hiyo kupita moja kwa moja ni nafuu. Lakini kama unatumia SSD na bado inakataa indeksi kwa kweri ndogo, tazama random_page_cost, mpangilio wa makadirio ya gharama ya kufungua kurasa bila mfuatano: chaguo-msingi ni 4, iliyowekwa kwa kufikiria diski za kuzunguka. Mimi niko 1.1.

Hatua ya 4: Usifungue daftari kubwa kabisa

Taarifa ya mkulima inataka tarehe na kilo tu. Kuanzia toleo la 11 unaweza kubebesha kilo ndani ya indeksi:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY mizani_taarifa
ON mizani (mkulima_id, tarehe) INCLUDE (kilo);
```

Sasa mpango unasema Index Only Scan. Chini yake soma Heap Fetches. Kama si karibu na 0, injini bado inachungulia jedwali kuhakikisha mstari unaonekana kwa wote. Dawa ni VACUUM mizani, usafishaji unaotia alama kurasa ambazo mistari yake yote inaonekana kwa wote. Jambo hili lilinisumbua kwenye seva ya zamani: mizani ya chai huongezwa tu, haihaririwi, na kabla ya toleo la 13 autovacuum (VACUUM inayojiendesha yenyewe) haikuamshwa na maingizo mapya peke yake.

Hatua ya 5: Usiifunike safu kwa funksheni

WHERE to_char(tarehe, 'YYYY-MM') = '2025-03' inaifanya tarehe isitambulike kwenye indeksi. Andika masafa kama nilivyofanya juu.

Mwisho, ile indeksi ya hatua ya 2 sasa ni mzigo, kwani mizani_taarifa inafanya kazi yake yote, na kila indeksi inaongeza kazi kila mkulima anapopima. Subiri siku kadhaa, angalia idx_scan (idadi ya mara indeksi imetumika) kwenye pg_stat_user_indexes, na namba isipopanda:

```sql
DROP INDEX CONCURRENTLY mizani_mkulima_tarehe;
```