Namna ya Kulinganisha Mauzo ya Gemu Kati ya Konsoli Hasimu

Ukikaa kwenye banda la gemu pale Mwanjelwa, Mbeya, ambako padi zimezungushiwa utepe mweusi na kila mtu anangoja zamu yake, hutakosa kusikia ubishi kuhusu konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ipi inauza zaidi. Kabla hujaingia katika ubishi huo, chunguza kama takwimu inahesabu nakala zilizopelekwa madukani au zilizokwisha kununuliwa na wachezaji.

Kisha gawanya nakala za gemu kwa idadi ya konsoli zilizouzwa. Hatua hii ndiyo wabishi wengi huiruka. Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari, iliuza nakala milioni 8.46 kwenye Wii U, konsoli ya Nintendo, idadi inayoonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba Wii U zenyewe zilikuwa milioni 13.56, yaani takriban nakala 62 kwa kila konsoli 100. Wii Sports ilifikia milioni 82.90, lakini katika nchi nyingi ilitolewa ndani ya boksi la Wii, konsoli iliyoitangulia Wii U, hivyo usiipime kwa mizani moja na gemu iliyonunuliwa peke yake.

Kwa Xbox, konsoli ya Microsoft, utakwama mapema, kwani mwaka 2015 Microsoft iliacha kutangaza idadi ya konsoli ilizouza.