Ukitaka Kuiweza Bagipaipu, Tenga Vidole na Pumzi

Vijana wanaonijia hapa Bombo, Uganda, wakitaka bagipaipu, ala ya kupuliza yenye mfuko wa hewa, karibu wote wana haraka ya kubeba mfuko. Wanaiwazia siku ya gwaride, mabega yamenyooka, watu wamejipanga kando ya barabara. Mimi nawapa kwanza chanta ya mazoezi, ile fimbo ya kupuliza kwa mdomo isiyo na mfuko, na nyuso zinakunjamana. Siwalegezei, na hata aliyepiga miaka mingi namwambia hivyo hivyo: vidole vifundishwe kwenye chanta, pumzi ifundishwe kwenye mfuko. Ukivifundisha pamoja hutajua kosa limetoka wapi.

Bagipaipu ya Uskoti ina noti 9 tu. Ikishaanza kulia haikatiki hadi uachie mfuko, na huwezi kuipiga kwa sauti kubwa hapa na ndogo pale. Kwa hiyo noti hutenganishwa kwa noti fupi sana za urembo, na kidole kikichelewa kila mtu anasikia. Angalia safari ya kutoka D kwenda E. Kidole cha pete cha mkono wa juu kinainuka. Cha shahada, cha kati na cha pete vya mkono wa chini vinashuka. Kidole kidogo cha chini kinainuka. Vidole vitano kwa mpigo mmoja. Mkono wa chini ukitangulia kidogo tu, A ya chini inachungulia katikati, nao wimbo umeshachafuka.

Basi piga D na E peke yake, taratibu mno, huku ukisikiliza ile A. Ikitoweka, washa metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo, na uongeze kasi kidogo kidogo. Ikirudi, shuka.

Kijana mmoja aliniambia, "Afande, wimbo huu nimeupiga wiki nzima, bado unanishinda."

Nikamuuliza, "Mwanangu, uliupiga wote, au ulipiga pale panapokushinda?"

Akanyamaza. Wengi tunafanya hivyo: tunarudia sehemu tamu tunayoijua, kisha tunaita mazoezi. Mimi naamini kile kipande unachokikwepa ndicho kazi ya leo. Kikate, kiimbe kwa mdomo kwanza, kama wapiga ngoma wetu wanavyotamka midundo, ndipo ushike chanta. Waskoti nao wana desturi ya zamani ya kufundishana nyimbo kwa kuziimba. Dakika 20 za namna hiyo kila siku zinazidi saa tatu za Jumamosi.

Sasa pumzi. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu sikio la anayepuliza huzoea kuyumba. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua mita 4 za ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huutumia kupimia levo. Ukunje kama herufi U, ufunge kwenye ubao mrefu, utie maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja ipitishe kwenye kizibo kinachobana vizuri tundu la bomba la mvumo la besi; mvumo ni yale mabomba matatu, mawili ya teno na moja la besi, yanayolia noti moja mfululizo. Ncha ya pili iache wazi. Ziba na matundu mengine mawili ya mvumo, kisha puliza ukiwa na chanta ya kwenye mfuko peke yake.

Maji upande mmoja yatashuka, upande mwingine yatapanda. Tofauti inaweza kufika sentimita 75 au zaidi, kutegemea ugumu wa tete lako, kile kipande cha ndani ya chanta kinachotetema na kutoa sauti. Kazi yako ni kuyafanya yatulie. Tazama hasa pale unapoacha kupuliza ili uvute hewa na mkono ukapokea kazi ya kubana mfuko. Maji ya upande ulio wazi yakiruka juu, umebana huku bado unapuliza. Yakianguka, mkono umechelewa. Shika noti moja tu, bila wimbo. Yakitulia, fungua bomba moja la teno, baadaye la pili, besi mwisho ukishachomoa mpira.

Kulinganisha sauti usikimbilie. Chanta hupanda inapopata joto, kwa hiyo piga dakika 10 kwanza. Bomba la mvumo ukilirefusha linashuka, ukilifupisha linapanda. Lisogeze hadi ule mtetemo kati yake na A ya chini uishe.

Ukimaliza, kausha. Hili nalisema kwa mkazo, maana msimu wa mvua huku kwetu unyevu haukauki wenyewe. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la Thorax habari za mpigaji wa miaka 61 aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu, na ndani ya bagipaipu yake walikuta kuvu za aina mbalimbali. Chomoa mabomba, futa ndani kwa kitambaa, acha mfuko upate hewa kivulini. Usiianike juani: mabomba mengi huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, nao ukikauka ghafla hupasuka.

Tete la chanta usilifute kwa kitambaa wala kulibana kwa vidole. Livalishe kofia yake yenye matundu, likae hadi kesho.