Somo: Kuongeza miunganisho ya MySQL kwenye Linux, na kisa cha namba 214

Ukiandika max_connections=800 (idadi ya juu ya miunganisho) kwenye my.cnf, faili ya mipangilio ya seva ya hifadhidata ya MySQL, ukaiwasha seva upya, kisha amri ya SHOW VARIABLES ikakujibu 214, usidhani umekosea kuandika. Mfumo endeshi umeiruhusu seva kufungua faili 1024 tu, na kila muunganisho huhesabiwa kuwa faili. Seva hutenga 10 za akiba, ikatenga 800 kwa ajili ya majedwali 400 yanayohesabiwa mawili mawili, na zinazosalia ndizo hizo 214.

Hatua ya 1. Tazama kikomo ambacho mchakato wenyewe umepewa, katika mstari wa Max open files:

cat /proc/$(pidof mysqld)/limits

Wengi hukimbilia /etc/security/limits.conf, nami nimewahi kupoteza usiku mzima huko, ilhali faili hiyo huwahusu watumiaji wanaoingia kwenye mfumo; systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, haiisomi kabisa inapowasha huduma.

Hatua ya 2. Fungua sudo systemctl edit mysqld, au mysql kwa wanaotumia Ubuntu, uandike:

[Service]
LimitNOFILE=10000

Washa huduma upya, kisha rudia hatua ya 1.

Hatua ya 3. Kagua foleni ya wanaosubiri kupokelewa kwa sysctl net.core.somaxconn. Keneli (kiini cha Linux) za kabla ya toleo la 5.4 huanza na 128, na back_log, yaani urefu wa foleni ambao MySQL huomba, ikizidi hapo hukatwa kimyakimya, kwa hiyo ipandishe hadi 1024 ndani ya /etc/sysctl.d. Kuanzia 5.4 namba ni 4096. Ukinakili mstari wa 1024 kutoka kwenye somo la zamani utakuwa unaishusha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini nisiweke miunganisho 10000 moja kwa moja?
Jibu: Kila muunganisho una uzi (thread) wake na kumbukumbu yake, na ukipanga data huweza kuomba KB 256 nyingine za sort_buffer_size, kumbukumbu ya kupangia data. Tazama kwanza Max_used_connections, yaani miunganisho mingi zaidi iliyowahi kutumika kwa wakati mmoja, baada ya siku zenye kazi nyingi, uongeze kidogo juu ya hapo.

Swali: Nimefuata hatua ya 2 neno kwa neno, bado naona 214.
Jibu: Endesha systemctl cat mysqld, ndugu, uone kama mstari wako upo. Matoleo mapya ya systemd hufungua faili yenye maelezo yanayoanza na ###, na chochote kilichoandikwa chini ya alama ya pili hutupwa unapohifadhi.