Dume Aliyehasiwa Anapompanda Jike: Namna ya Kutambua Sababu na Hatua za Kuchukua Nyumbani

Asubuhi moja ya mwezi Juni, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikiwa bado imeshika, mzee jirani yetu anayefuga mbwa wa kulinda shamba lake la viazi alinisimamisha njiani akaniuliza: "Mwanangu, yule daktari alimhasi mbwa wangu kweli, au alikula hela yangu bure? Tangu jana Simba anampanda jike bila kupumzika." Nilimwuliza mambo mawili tu, yaani Simba alihasiwa lini, na jike ana dalili gani kwa sasa. Majibu yake yalitosha kuonyesha kwamba daktari alifanya kazi yake vizuri. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu swali hilo huulizwa na wafugaji wengi, na kwa sababu tiba inayopendekezwa haraka mitaani, ya kumchapa dume au kumfunga mnyororo mfupi, humwumiza mnyama bila kugusa chanzo cha jambo lenyewe.

Anza na tarehe ya upasuaji

Kuhasi ni kuondoa korodani zote mbili, ambazo ndizo zinazotengeneza mbegu pamoja na sehemu kubwa ya homoni ya kiume. Homoni hiyo hushuka sana ndani ya muda mfupi baada ya upasuaji, lakini kuna mambo mawili ambayo hayaondoki siku hiyo hiyo. La kwanza ni mbegu zilizokwisha kutoka kwenye korodani kabla hazijakatwa, ambazo huweza kubaki kwenye mirija kwa wiki kadhaa, kiasi kwamba dume aliyehasiwa juzi anaweza bado kumtia jike mimba. Kwa sababu hiyo, mtenge na jike ambaye hajafungwa kizazi kwa wiki 6 kamili, hata kama kidonda kimepona mapema. La pili ni mazoea. Dume aliyehasiwa akiwa amekwisha kukomaa, na hasa aliyewahi kupanda, hubaki na kumbukumbu ya tendo hilo, na harufu ya jike huiamsha kumbukumbu hiyo hata baada ya miaka. Anaweza kusimamisha uume, kumpanda jike na hata kunasana naye, ingawa hawezi tena kutia mimba.

Ikiwa miezi imepita na dume bado ana hamu ileile ya zamani kwa kila jike, uliza kama korodani zote mbili ziliondolewa. Baadhi ya mbwa huzaliwa na korodani moja ambayo haikushuka, ikabaki tumboni au kwenye kinena, na ikiachwa huko huendelea kutoa homoni. Daktari wa mifugo anaweza kulithibitisha hilo kwa kumpima damu.

Kisha mtazame jike, na umtazame kwa siku nyingi

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na nadhani najua sababu yake katika nyanda zetu hizi. Watu wengi wa Mbeya, Rungwe na Iringa wamejifunza habari za joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume, kutoka kwa ng'ombe wa maziwa, ambaye huingia joto takribani kila baada ya siku 21, na joto lenyewe huisha chini ya siku moja. Mbwa hafanani na ng'ombe hata kidogo. Jike wa mbwa huingia joto mara moja kwa wastani wa miezi 6 au 7, na kipindi hicho huchukua wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Anayesubiri siku mbili kisha akamwachia jike kwa kudhani mambo yameisha, amemwachia kabla hayajaanza.

Kipindi hicho kina sehemu mbili unazopaswa kuzitofautisha. Kwa siku 9 hivi za mwanzo uke huvimba na kutoa majimaji ya damu, na madume humfuata, lakini yeye huwakataa kwa kukaa chini, kunguruma au kugeuka kuuma. Baada ya hapo huja siku nyingine 9 hivi ambazo damu hupungua na kuwa nyepesi, rangi ikielekea ya waridi au ya majani makavu, naye husimama tuli na kupeleka mkia upande mmoja dume anapomkaribia. Wafugaji wengi huona damu imepungua wakasema joto limekwisha, kumbe hizo ndizo siku za kushika mimba. Idadi hizi ni za wastani tu. Majike hutofautiana sana, kwa hiyo usizitumie kama kalenda ya kufungulia mlango.

Kwa kuwa majike wengi hujilamba, na kwa kuwa damu haionekani kwenye udongo, pangusa uke kwa kitambaa cheupe au karatasi laini kila asubuhi unapoanza kuona dume akimfuatafuata. Andika tarehe ya kwanza uliyoona damu. Tarehe hiyo ndiyo utakayoihitaji baadaye utakapozungumza na daktari.

Wakikutwa wamenasana

Fundo lililo kwenye uume wa dume huvimba ndani ya uke, na misuli ya jike huubana, hivyo wawili hao hubaki wameungana kwa muda wa dakika 5 hadi 30 hivi. Hali hii huweza kumpata hata dume aliyehasiwa. Usiwamwagie maji, usiwapige, wala usiruhusu watoto kuwavuta, kwa sababu kuwatenganisha kwa nguvu huchana viungo vya wote wawili. Kaa karibu, zungumza kwa sauti ya chini, na umzuie jike asikimbie hadi waachane wenyewe.

Kama jike hayuko kwenye joto

Kupanda si lazima kuwe na uhusiano na uzazi. Mbwa wachanga hupandana wakicheza, majike nao huwapanda wenzao na hata madume, na mbwa aliyefungiwa bandani mchana kutwa huweza kumpanda mwenzake mara tu anapofunguliwa jioni kwa sababu ya msisimko uliojaa bila pa kutokea. Ujio wa mgeni au wa mbwa mpya huleta jambo hilohilo. Ile kauli kwamba mbwa anayepanda anataka kuwa bwana wa nyumba hutumika kupita kiasi, na mara nyingi huhalalisha kipigo kisicho na faida. Tabia ikianza ghafla, au ikiambatana na kujilamba sana na kukojoa mara kwa mara kidogokidogo, mpeleke kwa daktari, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na muwasho wa ngozi husababisha hayo.

Dume akianza kupanda, mwite kwa jina, mwelekeze kwenye jambo jingine analolipenda, na umpe kitu kidogo cha kula akitii. Asiposikia, mfunge kamba umtoe mahali hapo kwa dakika chache, bila kelele. Mtembeze kila siku mapema kabla magari hayajawa mengi. Usisubiri jike ajitetee mwenyewe, maana jike aliyechoka kukataa huuma, na dume huuma kumjibu.

Kumtenga jike

Dume wa nyumbani aliyehasiwa zamani ni usumbufu tu; hatari iko nje ya ua. Kwa wiki 4 tangu damu ya kwanza, jike akae ndani ya banda lenye paa na mlango wa kufungwa vizuri, kwa sababu madume wa mtaani huruka ukuta, huchimba chini ya wavu na kupenya michongoma. Usimfunge mnyororo nje, kwani hapo hawezi kukimbia wala kujitetea. Ikiwa ni Juni au Julai, inua sakafu ya banda kwa mbao na utandike magunia makavu, maana baridi ya usiku ni kali. Desturi ya kuwafungulia mbwa wote usiku ili walinde isimamishwe kwa jike huyo, hata kama wezi wanakutia wasiwasi.

Kundi la madume likimgombania jike mmoja, huumana, na hapo kichaa cha mbwa hupata njia. Hakikisha mbwa wote wa nyumbani wamechanjwa. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kuna pia uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa kwa mbwa kwa kupandana na kulambana, nao humpata hata aliyehasiwa. Matone ya damu yasiyokoma kwenye uume au uke nje ya kipindi cha joto ni dalili ya kuripoti. Na katika wiki 8 za baada ya joto, jike akinywa maji mengi kuliko kawaida, akakataa chakula, akatapika au akatoa usaha ukeni, inawezekana mji wa mimba umejaa usaha. Hiyo ni dharura; usingoje kesho.

Ufumbuzi wa kudumu ni kumfunga jike kizazi, jambo ambalo nalishauri kwa moyo wote kwa kila asiyekusudia kuzalisha. Upasuaji haufai sana akiwa kwenye joto kwa sababu mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa, hivyo panga tarehe miezi 2 hadi 3 baada ya joto kuisha. Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwa daktari anayefanya upasuaji huo kwa dawa ya usingizi. Unapokwenda, chukua tarehe uliyoandika, na umweleze wazi kama jike amewahi kunasana na dume yeyote, kwa kuwa mimba ya mbwa ni ya siku 63 hivi na daktari atataka kuhesabu kabla hajashika kisu.