SOMO: Kumtambua baba wa sokwemtu kwa vinasaba vya kinyesi

Sokwemtu jike hupandwa na madume wengi. Ndiyo maana kule Hifadhi ya Gombe, Kigoma, japo wanafuatiliwa tangu 1960, macho peke yake hayakutosha kumjua baba. Vinasaba hutoa jibu bila kumchoma mnyama sindano, kwa sababu utumbo huacha seli zake juu ya kinyesi.

Hatua ya 1. Subiri mnyama aondoke. Vaa barakoa, na glavu mpya kwa kila sampuli. Vipimo vingi vilitengenezwa kwa ajili ya binadamu na vinamnasa sokwemtu pia, kwa hiyo chafya yako inaweza kusomeka kama mzazi!

Hatua ya 2. Kwangua ngozi ya nje tu, gramu 5 hivi. Ndani ni mabaki ya matunda na bakteria.

Hatua ya 3. Tumbukiza kwenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 97. Andika lebo kwa penseli. Wino wa bairo huyeyuka. Baada ya saa 24 hadi 36, mwaga ethanoli, hamishia kinyesi kwenye chupa yenye gramu 20 za silika, chembe za kunyonya unyevu. Masika ya Kigoma hayana huruma: silika ya bluu ikigeuka waridi, badilisha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Maabara hunakili vipande vya vinasaba vinavyojirudia, kama herufi GATA, na kuhesabu marudio. Kila sehemu hutoa namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mtoto ana 9 na 12, mama 9 na 10: basi 12 imetoka kwa baba. Dume asiye na 12 anatiliwa shaka, na akikosana na mtoto sehemu kadhaa, anaondolewa.

Kinyesi kina vinasaba vichache, vimekatikakatika. Nakala moja ikishindwa kutoka, 9 na 12 husomeka 9 na 9, na baba halali anatupwa nje. Ukiona namba moja tu, rudia kipimo, hata mara 7.

MASWALI

Mwalimu, nywele za kwenye kiota zinafaa?
Zinafaa zikiwa na mzizi. Shina lisilo na mzizi lina hasa vinasaba vya mitokondria, vya upande wa mama. Baba humpati humo.

Na madume wawili ndugu?
Hapo ongeza sehemu za kupima. Ndugu hufanana marudio mengi.

Naweza kumpima mwanangu hivihivi?
Hapana, ndugu. Kwa binadamu, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Anzia ustawi wa jamii au mahakamani.